Vidonge vya Kukimbia Navyo

Mjini Baraka, kusini mwa Uvira, Jumanne jioni, 1999

Kwa nini kuhara damu hakusikii tena dawa yetu ya kawaida? Swali hili limenisumbua tangu vita vianze.

Mtoto Riziki alirudiwa na ugonjwa, dawa ileile ikashindwa, juzi nikambadilishia. Leo ameomba kula bugali. Namshukuru Mungu.

Ndipo mama yake alipokiri, akitabasamu: “Docta, mara ya kwanza alipopata nafuu, nilibakishaka vidonge ya kukimbia nayo mu pori. Vita ikirudia, utatufwata na farmasi yako?”

Tulicheka, ingawa nadhani vijidudu vilivyosalia tumboni dozi ilipokatizwa ndivyo vilivyoizoea dawa.

Au ninakosea? Maabara ya kuthibitisha iko Uvira, na barabara imefungwa. Wala sijui nimwambieje asibakishe vidonge mama ambaye kesho huenda akakimbia.