Trela Yetu Imenuka Kitunguu Saumu

Jumatatu, 13 Mei

Zimebaki siku kumi na moja. Mume wangu, Baba Jasnoor, alinipa mwezi mmoja nimtafutie mizigo ya lori letu mimi mwenyewe, hapa hapa mezani jikoni, bila yule binamu yake aliyekuwa akimega asilimia kumi kwa kubonyeza simu tu. Mwezi ukiisha na bado tunabeba mizigo ya bei ya kutupa, Ijumaa tarehe 24 anatia sahihi kwa Gurcharan, mume wa wifi yangu. Gurcharan ana malori thelathini, yote ya kijani. Letu nalo litapakwa kijani, jina letu libanduliwe mlangoni. Safari fupi fupi tu, Fresno na Los Angeles, Fresno na Los Angeles, kama basi la shule.

Mimi niwe chini ya Gurcharan! Mtu ambaye akija kwangu huonja dengu, kisha anauliza kama chumvi imepanda bei.

Ila leo nimepata! Vitunguu saumu, Gilroy, hapa hapa California, hadi New Jersey, upande wa pili wa Marekani, dola tatu kwa maili. Tatu! Wenzetu wanabeba saladi kwa mbili na ushee. Nikamwambia dalali wa mzigo aongeze senti ishirini. Akakubali papo hapo, hata hakuvuta pumzi. Kichwa kimenivimba, sijui kama kitapita mlangoni.

Jumanne, 14 Mei

Amepakia. Kapiga simu toka Gilroy, anaongea kama mwenye mafua.

— Mama Jasnoor, huu ni mzigo au adhabu?

Nikamwambia dola tatu na senti ishirini hazina harufu. Akasema wenye kusema hivyo wako Fresno.

Alhamisi, 16 Mei

Yuko Wyoming. Theluji, mwezi wa Mei! Analalamika chapati zangu alizobeba zimegeuka za vitunguu saumu. Anadeka tu. Yeye yuko mbele, mzigo uko nyuma kwenye trela, milango imefungwa. Harufu inapitaje?

— Inapiga hodi, akasema.

Jumatatu, 20 Mei

Ameshusha. Halikukataliwa hata boksi moja. Na mzigo wa kurudi ninao tayari — chokoleti! Pennsylvania hadi Sacramento, karibu na kwetu, anapakia kesho asubuhi. Jua likianza kuwaka, chokoleti haiendi popote bila trela ya baridi, kwa hiyo wanalipa. Yule binamu alikuwa anampeleka mashariki kwa bei nzuri, kisha anamwacha siku tatu maegeshoni akingoja mzigo wa kurudi wa bei ya huruma. Mimi kwenda vizuri, kurudi vizuri.

Nimemtumia wifi ujumbe wa salamu. Salamu tu. Ndefu kidogo.

Jumanne, 21 Mei

Nimekoma.

Kumbe kiwandani kwa chokoleti kuna mama ambaye kazi yake ni kunusa. Anapanda ndani ya trela, anafumba macho, ananusa. Kwetu hakufika hata hatua tatu. Akashuka. Akamwambia Baba Jasnoor kwa upole kwamba chokoleti inameza kila harufu, na yeye hataki California nzima ile chokoleti ya vitunguu saumu. Kaoshe, urudi kesho.

Baba Jasnoor hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoumia. Alisema tu:

— Ana pua nzuri, yule mama.

Sasa najua kwa nini dalali hakuvuta pumzi. Kazi nzima hii inajua kwamba ukibeba vitunguu saumu, mzigo wa pili unaupata kwa shida. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

Jumatano, 22 Mei

Ameosha kwa maji ya moto na sabuni. Madereva pale maegeshoni wakamwambia unga wa kahawa unavuta harufu. Kanunua makopo manane, kamwaga sakafuni, kaacha kwa muda wa saa nne, kafagia. Karudi kwa yule mama.

Mama kanusa. Kafikiri sana. Kisha akatoa hukumu:

— Sasa ni vitunguu saumu vilivyokunywa kahawa.

Mzigo wamempa mtu mwingine.

Nilicheka! Sikutaka, lakini nilicheka, naye akacheka mpaka akapaliwa. Tulipokata simu nikalia kidogo juu ya sinki. Keshokutwa ni tarehe 24.

Jioni nimekwenda gurdwara, hekalu letu la Kisikh, kukanda unga wa chapati za watu. Wanawake watatu wameniuliza biashara inaendaje, huku wamekunja pua. Wifi kafika kabla yangu na habari za trela.

Alhamisi, 23 Mei

Mezani tangu saa kumi na moja alfajiri. Madalali kumi na tisa. Nawaambia ukweli, maana sitaki tena aibu ya kunuswa. Maziwa? Hapana. Maua? Wee! Aiskrimu? Hata sikumaliza sentensi. Mmoja kanipa viazi kwa dola moja na senti kumi. Hiyo si ya dizeli, si ya chakula.

Saa sita mchana nikajiambia, acha kutafuta atakayevumilia harufu yetu. Tafuta anayenuka kutuzidi! Nikaachana na madalali, nikaanza kupigia viwanda vyenyewe. Samaki — wana malori yao. Jibini — wakanikatia. Kisha kiwanda cha kimchi kule New Jersey, ile kabichi ya Wakorea iliyochachushwa na pilipili na — nilisoma mara mbili — vitunguu saumu. Inakwenda Los Angeles, tena inataka trela ya baridi kama yetu.

Alipokea mwenye kiwanda, Bwana Noh. Nikamweleza yote, pamoja na kahawa. Nikadhani kakata. Kumbe anacheka! Mzigo wake una wiki mbili ndani ya chumba cha baridi, malori yanamkimbia kwa sababu hiyo hiyo. Dola mbili na nusu kwa maili. Kurudi magharibi nani analipwa hivyo? Ila kesho lazima kwanza ainuse trela.

Hata yeye!

Ijumaa, 24 Mei

Gurcharan kafika saa nne asubuhi, na makaratasi, na kalamu ya kung'aa. Nimemkaribisha sebuleni, nikampa chai. Simu nikaiweka juu ya meza, spika nimeifungua, maana huko New Jersey Baba Jasnoor alikuwa ndiyo kwanza anafungua milango ya trela.

Tukasikia nyayo. Gurcharan kaacha kunywa. Kisha sauti ya Bwana Noh:

— Hii? Hii ndiyo mnaita harufu?

Akaita wenzake. Wakaingia, wakacheka wote. Winchi ya kupakilia ikaanza kunguruma. Akaendelea:

— Mwambie mkeo, akipenda, kila wiki mbili. Na mkija huku mniletee hivyo vitunguu saumu vya Gilroy, mimi nanunua vingi.

Kwenda na kurudi! Mzigo wa uhakika, bila dalali! Niliruka, chai ikamwagikia makaratasi.

— Hongera, shemeji, Gurcharan akasema, akiyakung'uta, kisha akaiinamia simu. Satwant, sasa hapa tunatia sahihi au hatutii?

— Muulize bosi, simu ikajibu. Si yuko mbele yako?

Bosi! Baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa.

Gurcharan akanigeukia. Nilisubiri utani, haukuja.

— Shemeji, nakuuliza kwa dhati. Jasnoor yuko chuoni, nyumba hii unakaa peke yako. Akifanya kazi kwangu, kila Ijumaa Satwant atakula hapa. Kwa huyo Mkorea, atakula Wyoming. Unasemaje?

Nikasema nakwenda kuangalia chapati. Jikoni hakuna chapati. Nimeingia na simu, nimefunga mlango.

Mwezi mzima namtafutia mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi, sikumuuliza hata siku moja kama anataka kwenda. Nilitaka tu kushinda. Nimeshinda, na sasa naogopa kumuuliza.

— Wewe unataka nini? nikamuuliza.

— Sema wewe kwanza.

— Nimeuliza mimi kwanza.

— Wewe ndiye bosi.

— Acha mchezo, Satwant!

Sijawahi kumwita kwa jina lake. Nasikia winchi, nasikia anavyopumua. Hakuna anayekata. Gurcharan anakohoa sebuleni. Simu nimeilaza mezani, iko wazi, nami naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Naye kanisikia.

— Unaandika nini? ananiuliza.