Mikono ya Kumpokea Mtoto

Jumamosi, Julai 1954

Ukungu umekaa kwenye migomba tangu asubuhi na manyunyu hayajakatika. Baridi ya Rungwe inanishinda hata mimi niliyezaliwa Kilolo, ambako nako jua si la kujivunia. Niko jikoni karibu na moto, mtoto mgongoni, naandika juu ya goti.

Kesho ni ubatizo. Au si ubatizo. Mpaka saa hizi sijui.

Mume wangu Ambakisye alirudi kutoka migodi ya shaba ya Kopabelti, kule Rhodesia, na vitu viwili: baiskeli na dini mpya. Baiskeli ilishakufa. Dini ndiyo kwanza imeshika moto. Huko alikutana na watu wanaosoma Biblia mstari kwa mstari, wakamwambia Utatu haumo, kwamba ni mapokeo ya wanadamu tu. Na baba yake ni mzee wa kanisa hapa misheni! Tangu hapo nyumba hii haina amani. Wakila ni Utatu, wakipalilia kahawa ni Utatu, na ng'ombe akigoma kukamuliwa nadhani naye ana maoni yake.

Ningecheka, kama si mtoto.

Maana nilishazika mmoja. Ambakisye alikuwa bado migodini. Surua ilimchukua mwanangu wa kwanza kabla mchungaji hajafika kwetu, na mchungaji huja mara chache. Wazee wakasema hakubatizwa, basi hawezi kulala ndani ya ua wa makaburi ya misheni. Amelala nje, upande wa mianzi, ambako watu hutupa magugu. Nikienda mtoni napita pale, na kila nikipita najiambia kwamba huyu wa pili hatalala nje. Mungu anisamehe, huo ndio Utatu wangu mimi. Sina mwingine.

Sasa Ambakisye anasema mwanawe hataingizwa majini kwa ajili ya miungu watatu. Baba yake anasema mjukuu asipobatizwa, Ambakisye atafute shamba kwingine. Na mimi katikati, ambaye hakuna aliyeniuliza kitu.

Lazima nieleze jambo moja, maana hata dada zangu kule Iringa nikiwasimulia wanadhani natania. Huku kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hatamki jina lake. Hata hapa siliandiki. Nikimsikia akikohoa njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Kanisani napita mlango wa nyuma nimejifunika kaniki. Akitaka kumbeba mjukuu wake, namlaza mtoto kwenye mkeka uani, narudi ndani, ndipo yeye anakuja kumwinua. Kila jioni ni hivyo. Anampenda mtoto huyu, jamani. Namsikia nje akimwimbia kwa sauti yake ya kukwaruza, na mimi nimejibana nyuma ya ukuta wa matete natabasamu peke yangu.

Leo mchana mchungaji alikuja. Wakakaa uani chini ya upenu, yeye, mzee na Ambakisye, Biblia magotini. Mimi nyuma ya matete, nasikia kila neno.

Ambakisye akaanza, bila hata kumaliza salamu. "Nionyesheni neno Utatu. Mahali pamoja tu."

"Neno halimo," mchungaji akasema, taratibu. "Jambo lenyewe limo. Baba anaitwa Mungu. Neno aliyefanyika mwili anaitwa Mungu. Anania alipomdanganya Roho akaambiwa amemdanganya Mungu. Na Mungu ni mmoja. Sasa wewe ukijumlisha unapata nini?"

"Napata kwamba mnajumlisha ninyi, si Kitabu."

Loo! Nilisikia mzee akivuta pumzi. Mchungaji akaleta agizo la kubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Ambakisye akamuuliza kama akitajwa baba, mama na mjomba kwa pamoja huwa wamegeuka mtu mmoja. Akaleta na lake, lile la Yesu kusema kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye. Mchungaji akafungua waraka wa Yohana, pale penye mashahidi watatu wa mbinguni. Ambakisye akacheka kabisa, akamwambia atazame vizuri kwenye Biblia mpya, maneno yale yamefungiwa ndani ya mabano kwa sababu hayamo katika nakala za zamani sana.

Mchungaji akauinamia ukurasa. Halafu akakubali, bila kona. "Hilo ni kweli. Lakini imani yetu hatukuitundika kwenye mstari huo mmoja."

Na niseme ukweli wangu, maana hapa hakuna wa kunisuta. Mimi nilisoma shule ya wasichana ya misheni Iringa, Biblia naijua. Nimelitafuta neno hilo kwa siri na sijaliona. Nimesoma pia Tomaso akimwambia Yesu Mungu wangu, na Yesu hakumkataza. Nikisoma huku naona Ambakisye ana haki, nikigeuza kurasa naona mchungaji ana haki. Kichwa kinaniuma.

Uani sauti zikapanda. Mzee akasimama, kiti kikaanguka. Akasema mwana anayemkana Mungu wa baba yake hali ndizi za baba yake. Ambakisye naye akasimama. "Baba, kisichomo kwenye Kitabu sikifuati! Hata ukinifukuza!"

Mtoto akaamka mgongoni akaanza kulia. Nadhani kilio hicho ndicho kilichonisukuma.

Nilitoka.

Nilitoka bila kujifunika, nikasimama uani mchana kweupe, hatua chache kutoka kwa baba mkwe. Mzee akageuka haraka kuelekea migombani, akavuta koti lake mpaka kichwani. Mchungaji akainamisha uso. Na wa kwanza kunifokea alikuwa nani? Ambakisye! "Rudi ndani! Unamvunjia baba heshima! Huna haya?"

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Mume wangu," nikamwambia, "nionyeshe mstari. Ni wapi kwenye Kitabu wameandika nijifiche?"

Akapekua Biblia yake mbele na nyuma. Mtu aliyekuwa na mstari wa kila jambo!

Nilidhani nitasikia furaha. Nilisikia hofu tu.

Ndipo mzee akasema, bado mgongo kwetu, koti kichwani. "Mchungaji. Huyo anayesema nyuma yangu, muulize anataka nini."

Mwaka wa ngapi huu nimo katika nyumba hii, na hilo ndilo swali la kwanza. Nikamjibu mchungaji, nikiangalia chini. "Nataka mwanangu huyu asilale nje ya ua kama mwenzake."

"Nje ya ua gani?" Ambakisye akauliza.

Kumbe hajui. Aliporudi aliambiwa mtoto alikufa, na hakuuliza amelala wapi. Mimi sikuweza kusema. Nilikuwa nangoja aulize.

"Upande wa mianzi," mzee akasema. Sauti ilikuwa imemwisha. "Nilichimba mwenyewe. Wazee tuliamua, na mimi nilikuwa mmoja wao."

Hakuna aliyetaja Utatu tena. Ambakisye aliweka Biblia kwenye kiti, akaondoka kuelekea mtoni kwenye manyunyu yale. Amerudi sasa hivi, tope mpaka magotini. Amekaa ng'ambo ya moto. Nimemwekea chakula, hajakigusa. Mara moja tu amenitazama, akaniambia, "Bado sioni watatu kuwa mmoja." Nikamwambia sikumuuliza hilo. Akarudi kutazama moto.

Mchungaji kabla ya kuondoka aliniambia nilete mtoto. Ila hapa kanisani kwetu si mama anayempeleka mtoto kwenye maji. Ni baba, na baba asipokuwepo, babu. Mama humkabidhi pale mbele, kisha hurudi kwenye benchi la wanawake.

Kumkabidhi baba mkwe mkono kwa mkono, siwezi. Leo nimemtia aibu mbele ya mgeni, na bado hakunitukana. Kesho siwezi kumwongezea nyingine mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo nimeshakunja mkeka, ule ule wa jioni, nimeufunga pamoja na kanzu nyeupe ya mtoto. Ambakisye ameniona nikiufunga. Anajua ni wa nini.

Nitaenda, hilo nimeamua. Nitautandika mbele ya madhabahu, nimlaze mwanangu, nirudi nyuma na kaniki yangu usoni, nisione kitu. Nitakuwa nasikiliza nyayo tu. Za mzee nazijua. Za Ambakisye nazijua.

Nitasikia za nani?