Achari ya Miaka Saba

Gothenburg, 9 Novemba 2024. Huu ni mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke kwetu Rasht.

Dada Mahrokh,

Barua yako imefika, pamoja na chai uliyoifunga ndani ya soksi. Huku theluji imeanza. Kitunguu saumu nilichokitia kwenye siki miaka saba iliyopita kimekuwa cheusi na kitamu kama tende.

Unauliza kwa nini siandiki. Nakumbuka chumba cha yule daktari wa akili. Miaka miwili alinipima uanaume: nakaaje, nachekaje, napenda kazi gani. Bila cheti chake, hakuna mpasuaji ambaye angenigusa kuubadilisha mwili huu wa kike niliozaliwa nao. Nilimficha kwamba napenda jiko. Wewe peke yako ulijua. Siku alipokuita utoe ushahidi, ulinishika mkono mlangoni. "Usiogope, mdogo wangu. Nitamwambia wewe ni mwanamume kumshinda baba."

Kisha ukaketi, ukatabasamu. "Huyu? Achari yake inagombaniwa mtaa mzima, daktari! Mama mkwe gani atamkataa binti kama huyu?"

Daktari akacheka, akafunga faili. "Mwanamume hatengenezi achari. Mpelekeni nyumbani, mkamwoze."

Cheti nilikipata huku, kwa daktari ambaye hakuniuliza habari za jikoni. Yule wa Rasht sikumkasirikia sana, hakunijua. Wewe ulinijua.

Sasa unasema daktari huyo amekufa, nirudi nyumbani, na barua yenyewe umeianza kwa lile jina langu la zamani la kike, Mahin. Asante kwa chai. Sitarudi.

Mdogo wako wa kiume,
Kiumars