Cherehani Mapajani

Jumanne, 20 Mei 1958. Jinja

Ugali umeungua tena. Bado napika wa watu wawili. Mvua haikatiki, na basi la Mbale limesimama. Maji yamechukua daraja mbele ya Iganga. Arobaini ya mke wangu Zuhura inasomwa kwao Mbale Ijumaa. Tajiri wangu, Bwana Jivan, amenikatia tikiti ya ndege hadi Tororo. Nilisema asante, nikaenda kujificha stoo.

Jumatano, 21 Mei

Nimefuta cherehani ya Zuhura. Ya mkono, nzito kama jiwe la kusagia. Aliniambia hospitalini: mpe Rukia, mdogo wangu. Nikaitikia. Uzi wa buluu bado umo tunduni mwa sindano, kama alivyouacha siku aliposikia baridi akaenda kulala. Sikuuchomoa.

Mzigo unaoruhusiwa kwenye ndege ni mdogo. Bwana Jivan kacheka. "Cha mkononi hakipimwi, bwana. Shika mfuko kama umebeba mkate." Nimejizoeza chumbani. Mfuko unanivuta bega.

Alhamisi, 22 Mei. Mbale

Naona haya hata kuandika.

Kiwanjani kila mtu alikuwa na mkate wake. Singasinga mkandarasi na mkoba wa vyuma. Mama mmoja na mabunda ya vitambaa. Polisi kijana na redio, kaifunga blanketi kama mtoto mchanga. Mwanamke mzee wa Bugembe ndiye peke yake aliyekuwa na kikapu tu. Mwanawe, askari jela, amelazwa Mbale, anapasuliwa leo.

Karani alitupima sisi na masanduku. Vya mkononi hakuvitazama. Tukapanda. Rubani Mzungu akajikwaa kwenye bunda, akatazama mapaja yetu, akatutoa wote mvuani. Tukapimwa upya na kila kitu. Uzito umezidi. Karani akasema: mizigo ibaki, au abaki mtu.

Singasinga alisema mafundi wake wamekaa bure. Polisi alisema afande wake anaingoja redio. Mama wa vitambaa: "Mwanangu anaolewa kesho. Aolewe uchi?" Wakanitazama mimi. Nikasema ni vitu vya marehemu. Ni kweli. Lakini nilisema ili wanyamaze.

Yule mzee akachukua kikapu chake. "Mimi nabaki. Nyinyi muende na vyuma yenu."

Hakuna aliyemzuia. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Ningeweza kumwachia karani mfuko. Cherehani ingengoja basi. Niliogopa kufika ukweni mikono mitupu, basi.

Ndege ikaruka. Nilitapikia kofia yangu.

Ijumaa, 23 Mei

Hitima imesomwa. Mama mkwe alilia alipoiona cherehani. Wazee wakanisifu, mtu wa ahadi. Kila sifa ilinichoma.

Rukia aliketi papo hapo, akachomoa uzi wa buluu, akatia mweupe. Nusura nipige kelele. Uzi ulianguka mkekani. Nilijifanya natafuta tasbihi, nikauokota.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda hospitali kumtafuta askari jela aliyepasuliwa. Nimemkuta. Kijana, midomo mikavu, macho mlangoni. Nilisema nimetoka Jinja. Akauliza, "Mama yangu hukumwona?"

Nikasema njia ni mbovu. Nikamwachia machungwa. Kwao Bugembe ni nyuma ya maduka, alinieleza mwenyewe. Alinishukuru. Nilitoka mbio.

Alhamisi, 29 Mei. Jinja

Daraja limetengenezwa. Nimerudi kwa basi. Kazini nimekosea hesabu, Bwana Jivan akasahihisha mwenyewe. Afadhali angenifokea.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Bugembe na sukari. Yule mama amesharudi kutoka Mbale, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mwanawe anapona. Alinijua mara moja.

"Bwana wa mfuko! Ni wewe uliletea mutoto yangu machungwa?"

Nikaanza kuomba radhi. Akacheka hadi maharage yakamwagika. "Wacha, bwana. Ile ndege iliruka ikitetemeka kama mbuzi ya homa. Mimi nilifurahi kubaki."

Nikacheka naye. Kwa muda kidogo nilikuwa mwepesi. Kisha akauliza mle mfukoni mlikuwa na nini. Nikamwambia. Akaokota maharage moja moja.

"Ungesema tu. Ningekaa na hiyo cherehani, ningekuletea na basi."

Angeileta. Najua.

Nikamuuliza kama mwanawe alimtafuta siku ile. Hakuniangalia.

"Aliamka, akaniita. Hakuna mtu."

Akaingia ndani kunitengenezea chai. Nikainywa.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika. Mezani imebaki alama ya kitako cha cherehani. Nimeisugua, haitoki. Nimeweka sahani yangu hapo hapo, nikala. Ugali leo ulikuwa wa mtu mmoja. Uzi wa buluu uko mfukoni mwa kanzu.