Swali Ambalo Sikukuuliza, Dada

Dada Mariamu,

Shikamoo. Mvua ya kwanza imeshapita juu ya kaburi lako hapa Unyambwa. Udongo umetitia kidogo upande wa miguu. Shemeji alitaka kuujaza, nikamwambia asubiri ukauke.

Nina habari ambayo sikukupa ulipokuwa hai. Nitaieleza kama nilivyozoea kueleza habari za watu wengine, kwa mpangilio.

Siku ile daktari Mwingereza, yule mama mrefu, alipokuja zahanati kuchunguza maradhi ya wanawake waliozaa, gazeti lilinituma nimwandike. Mkalimani wake alikuwa mgonjwa. Kwa kuwa nilijua Kiingereza na Kinyaturu, akaniomba nikae mezani badala yake. Ulipoingia ukacheka: "Mdogo wangu, leo Bwana Shauri wa bomani amekupa kiti chake?" Kisha ukakaa kwa ubavu, kama ulivyokuwa ukikaa tangu umzae kitindamimba wako. Sikujiuliza kwa nini.

Daktari alisema: muulize kama kuna kitu kinashuka na kutokeza ukeni anaposimama au anapobeba mzigo. Nilimwelewa neno kwa neno. Lakini Dada, mwanamume wa kwetu hamuulizi dada yake jambo hilo. Nikakuuliza, "Unaumwa wapi?" Ukatazama sakafu. "Mgongo. Andika mgongo, basi." Nikamwambia daktari: mgongo. Akakupa dawa ya kuchua.

Na wengine wote niliwauliza hivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa mama au shemeji wa mtu ninayemjua. Ambaye angejibu "ndiyo" ndiye angepimwa katika chumba cha ndani. Siku ile hakuingia mtu. Nami nikaandika gazetini kwamba wanawake wa Singida wanasumbuliwa na mgongo kwa ajili ya jembe.

Ulipofariki kwa homa, tulisema ni malaria. Baada ya matanga, mmoja wa waliokuosha alimweleza mke wangu walichokikuta: kizazi kimetoka nje, umekifunga kwa kipande cha kanga, na kidonda kimeoza. Mke wangu alinieleza akiwa amenipa kisogo. Miaka minne tangu uzazi ule wa mwisho, Dada. Ulikuwa unapalilia mtama hivyo.

Nilikwenda kwa daktari nikamwambia swali nililolibadilisha. Hakunigombeza. Alifungua daftari la siku ile akafuta kila ukurasa kwa mstari. Alisema ilimsumbua muda mrefu kwamba kijiji kizima kiwe na maumivu ya mgongo tu. Nikamuuliza kama ungepona. Akasema pengine pete ya mpira ya kuvalishwa ndani ingetosha kukishikilia kizazi, na kama isingetosha angekushona. Nimeliandika jibu lake kama alivyolitamka. Nimelisoma mara nyingi, na halibadiliki.

Sasa anayeuliza ni mkunga wa hapa hapa, Bi Salima, na wanaume hatukaribii. Juzi nilipita nje ya ua wa zahanati nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Kumbe na wewe? Mimi miaka yote namlaumu mama mkwe kuwa ameniroga!" Wakaangua kicheko mpaka Bi Salima akawakemea. Nikaendelea na njia yangu.

Usidhani mambo yamekwisha. Wapo ambao pete haikai. Wapo walioshonwa nyuzi zikaachia, kwa sababu walirudi shambani kabla ya wakati. Daktari huwaita tena baada ya miezi, anapima, anaandika, anajaribu mshono mwingine. Anasema bado hajaupata ule utakaohimili jembe na ndoo ya maji kichwani.

Lililobaki ni la nyumbani. Binti yako Zena ana ugonjwa huo huo. Amemwambia Bi Salima mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili, na daktari yuko tayari kumshona. Anachotaka ni miezi mitatu bila kulima wala kubeba. Mumewe amekataa. "Mvua imeshanyesha, Mjomba. Nani atalima?" Si mtu mbaya. Ana mkono mmoja tu wenye nguvu tangu ule mwingine ulipovunjika.

Nimeomba likizo gazetini. Jumatatu nahamia kwao na jembe langu. Sijalima tangu nilipoanza kazi ya kalamu, na majirani watanicheka, mwanamume mwenye miwani akipalilia shamba la mpwa wake. Na wacheke.

Kwaheri, Dada. Sitaliweka jembe chini mpaka daktari aseme mshono umeshika.

Mdogo wako.