Barua Iliyosomwa Posta

Glenaskeagh, 14 Oktoba 1958

Mwanangu Donncha,

Salamu zikufikie huko Birmingham, zikukute mzima, soksi kavu na tumbo limejaa. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua kila mvua inyeshapo, na mvua za huku unazijua.

Jumapili ulicheza magongo, ukala haraka, ukakimbilia meli ya kurudi Uingereza, hata hatukuongea la maana. Basi nikwambie sasa: huku watu wanatembea wakicheka peke yao. Timu yetu ya kaunti, iliyoshika mkia wa ligi miaka mitatu, imewafunga majirani wa ng'ambo ya mto, tena kwao. Kapteni wenu, Mossy Quirke, alipita karakanani kuagiza magongo sita akasema, "Mama Heffernan, mwaka huu ligi ni yetu." Nikamwambia aanze kwa kuchukua magongo aliyoagiza mwaka jana, yako hapa yanakula vumbi.

Baba yako, Mungu amrehemu, aliwachongea magongo vijana wa kaunti hii miaka ishirini na mitano, na kombe la ligi hakuwahi hata kuligusa. Ningependa lipite mlangoni mwa karakana yake mara moja tu, mimi nikiwa hai.

Barua zako bado nazifungulia pale pale posta, nikimsomea Hannah Delahunty wa dirishani na foleni yake. Wote wana watoto Uingereza, na wengi wa watoto hao kalamu imewashinda. Kwa hiyo andika vizuri, una wasikilizaji.

Mama yako.


Birmingham, 16 Novemba 1958

Mama,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, mikono imechubuka kwa matofali lakini gongo bado inalishika.

Mechi tatu, ushindi mara tatu. Treni na meli vinachosha, sikatai, lakini nikishuka Dublin nikamwona Mossy na lile lori lake la ng'ombe, uchovu wote unaisha. Juzi aliniambia niketi mbele, maana nyuma kulikuwa na abiria mwenye pembe. Waambie posta kwamba beki ya kaunti haipitiki. Nasema hivyo kwa sababu mimi nimo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa sina mechi. Msimamizi wetu kazini, Mwingereza mwema, akanipeleka kutazama soka. Mama, watu elfu arobaini, wanaimba kama kwaya iliyolewa! Mchezo wenyewe mpole, dakika tisini na hakuna hata mmoja aliyetoka damu.

Ila hili libaki kati yetu wawili. Sheria ya chama chetu cha michezo ya Kiayalandi unaijua: mchezaji wa magongo akienda hata kutazama soka ya Waingereza, miezi sita nje.

Mwanao, Donncha.


Glenaskeagh, 21 Novemba 1958

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa. Isome hii ukiwa umekaa.

Barua yako niliifungulia posta. Nilisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye watu elfu arobaini nikaipandisha sauti, maana walikuwa wanacheka na mimi nikapata kichwa. Kisha nikageuza ukurasa. Onyo lako lilikuwa upande wa pili, Donncha. Jicho lilipolifikia, mdomo ulikuwa umekwisha kumaliza kazi.

Hannah alibaki na stempu mkononi. Na nyuma kabisa ya foleni, kofia imeshikwa kifuani, alikuwepo Mwalimu Tierney, katibu wa kamati ya kaunti.

"Hiyo soka," akasema taratibu, "aliitazama Donncha wetu huyu?"

"Alikuwa anapita," nikasema.

"Anapita katikati ya watu elfu arobaini?"

Shauri lako litasikilizwa Jumapili ya kwanza ya Februari. Mpaka siku hiyo hutacheza. Na wakikufungia miezi sita, basi hata timu ikifika fainali ya Mei, wewe utaisikiliza redioni. Nimeagizwa niipeleke mwenyewe barua yako mbele ya kamati.

Waliosema mdomo huponza kichwa hawakusema kwamba huweza kuponza kichwa cha mtoto wako. Nisamehe.

Mama yako.


Glenaskeagh, 20 Desemba 1958

Mwanangu Donncha,

Natumai u mzima, kwa kuwa wiki nne sijapata hata mstari. Kila siku naulizia posta, na Hannah anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Foleni nayo hainitazami usoni, kama watu waliofiwa.

Tumefungwa mechi ya kwanza bila wewe. Aliyechezeshwa nafasi yako ni kijana mzuri, mwenye adabu sana. Alimpisha kila aliyetaka kupita.

Ndani ya kifurushi kuna keki ya zabibu na soksi. Huji Krismasi, naona. Kitanda nimekitandika hata hivyo, mbwa amekipokea.

Mama yako.


Birmingham, 4 Januari 1959

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima. Keki ilifika, tuliila watano.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na kila nilichoanza kuandika kilikuwa kibaya. Nimetupa barua nne motoni. Si soka inayoniuma. Nabeba matofali siku sita, na kinachonifanya nijione mtu wa kwetu ni ile saa moja ya Jumapili. Hiyo ndiyo niliyonyang'anywa.

Lakini nilikula keki yako nikakumbuka kwamba mwenye miguu iliyokwenda uwanjani ni mimi. Wewe ulisoma tu nilichokiandika. Ipeleke barua, usidanganye kwa ajili yangu. Tutaona.

Donncha.


Glenaskeagh, 2 Februari 1959

Mwanangu mpenzi,

Mzima wewe? Mimi leo goti sina habari nalo. Kaa tena chini, safari hii kwa raha.

Jana baada ya Misa kamati ilikutana kwenye ukumbi wa parokia, wanaume kumi na moja na mimi. Mwalimu Tierney akasoma mashtaka, akasema sheria inataka mtu aliyeona kwa macho yake, au maandishi. Kwa macho hakuna aliyekuona. Maandishi ninayo mimi. "Mama Heffernan, tafadhali, barua."

Nikaiweka mezani. Nikasema, "Mwalimu, mwanangu mwandiko wake hafifu. Ningeomba uisomee pale dirishani, uiinue kwenye mwanga."

Mwalimu mtu wa adabu, akainuka, akaenda dirishani, akaiinua. Jua la Februari, dogo hivyo hivyo, likapita kwenye karatasi. Na ndani ya karatasi, Donncha, ikajitokeza alama ya kiwanda, taji la malkia wa Uingereza, kubwa kama sahani.

Kumbuka miaka miwili iliyopita timu ya parokia yetu ilipokata rufaa ya mechi. Tulikuwa na haki, hata waliotufunga walijua. Mwalimu Tierney huyu huyu aliinua rufaa yetu kwenye dirisha hilo hilo, akaitupa, kwa sababu sheria ya chama inasema hakuna hati itakayopokelewa isipokuwa iko kwenye karatasi iliyotengenezwa Ayalandi. Baba yako alirudi nyumbani akapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa kijiti. Mimi sikusahau.

Mzee Ned Looby, fundi viatu, akakohoa. "Mwalimu, hiyo karatasi ya wapi?"

Mwalimu akanitazama mimi, akatazama karatasi, akaitazama sheria, maana ameibandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe. "Ya Birmingham," akasema.

"Basi hakuna hati," akasema Ned.

"Mama huyu aliisoma mbele yangu," Mwalimu akasema.

Nikamjibu, "Nilisoma kitu ambacho kamati imeona hakipo. Nikishitakiwa, nishitakiwe kwa kusoma hewa."

Wakacheka, hata yeye, kwa pembe ya mdomo. Nitampa haki yake: sheria ilipomgeukia hakuikwepa. Akaandika kwenye daftari kwamba shauri limetupwa, na mlangoni akaniambia, "Mwambie Donncha anahitajika Jumapili. Na aache kupitapita."

Njoo, mwanangu.

Mama yako.


Birmingham, 6 Aprili 1959

Mama,

Natumai goti na moyo vyote vizuri. Mimi nimechoka vizuri.

Nusu fainali umeisikia. Ushindi wa pointi mbili, na mtu niliyemkaba hakugusa mpira ila alipouokota nje. Nilikuja, nikala viazi vyako, nikarudi, na bado sikukwambia. Barua yako ya Februari niliisoma ghorofani juu ya jukwaa la ujenzi, nikacheka mpaka msimamizi akadhani nimeanguka. Nimewasomea wenzangu wote. Sasa unaona, ugonjwa huu ni wa kurithi.

Mbona hujasema posta wanasemaje?

Mwanao, Donncha.


Glenaskeagh, 20 Aprili 1959

Mwanangu,

Wewe hujambo, redio imeniambia. Nami sijambo.

Umeuliza posta. Tangu Novemba sisomi tena. Nachukua barua, natia mfukoni, naisomea karakanani, mimi na mbao. Hannah amenuna. Mama Looby aliniomba nimsomee mstari mmoja tu, mwanawe wa Coventry ana mwaka hajaandika, nikamwambia hapana. Niliapa, na kiapo kimekaa vibaya tumboni kama mkate usioiva.

Gongo lililokuja na barua hii, lililofungwa kwenye gunia, ni lako. Ile miti ya mwisho aliyoichagua baba yako kwenye msitu wa Hogan, alikata vigogo pale mizizi inapoanza kupinda, akavipasua mbao, akazipanga juu zikauke. Ulikuwa umebaki ubao mmoja. Niliogopa kuugusa miaka miwili. Wiki jana nimeuchonga. Tazama nyuzi za mti zinavyopinda pamoja na ncha, hakuna hata uzi mmoja uliokatwa.

Mimi siji Dublin kwenye fainali. Unanijua, mechi zako siwezi kuzitazama. Nitakuwa nikipanda viazi.

Mama yako.


Dublin, bandarini, 3 Mei 1959

Mama,

Natumai viazi vimekwisha kupandwa na mistari imenyooka, ingawa sidhani. Mimi mzima, jicho moja limevimba, meli inaondoka baada ya saa moja.

Kwamba tumeshinda unajua. Redio haikuweza kuona hili ninalokuandikia.

Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mtu wangu, jitu lenye mabega ya mlango, akaupata mpira hatua kumi kutoka golini, akainua gongo. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nilijitupa, nikalipeleka gongo la baba mbele ya lake. Mlio niliusikia kabla ya maumivu. Mpira ukaenda nje, refa akapuliza, na mimi nilikuwa nimelala kwenye majani nikiwa na mpini tu mkononi. Lilikatika pale pale linapopinda. Nililia, Mama, si kwa jicho. Nililia kwa kuwa limefanya kazi moja tu maishani mwake, na kazi ile ndiyo aliyokuwa akiitaka baba.

Mossy amepata kipande cha pili. Anakuja Jumanne nacho pamoja na kombe, na nimemwambia asipitie kwa mtu kabla ya karakana. Weka kombe juu ya benchi ya baba usiku mmoja. Kipande kitundike mlangoni.

Na hiki nisikilize vizuri. Barua hii ipeleke posta. Simama pale unaposimama, Hannah awepo, Mama Looby akae mbele, na kama Mwalimu Tierney yuko kwenye foleni, vizuri zaidi. Kwanza mpe aiinue dirishani. Karatasi nimeinunua hapa Dublin, nimeikagua mwenyewe.

Kisha uisome yote, Mama, kwa sauti. Upande wa pili sijaandika kitu.

Mwanao,
Donncha.