Eti Leonardi ndiye aliyemwua pofu wa Muze

Shoga yangu Dominika, nimejifungia jikoni nisicheke mbele za watu. Mzee wangu Leonardi anawasimulia wajukuu alivyomwua pofu, yule mnyama mkubwa wa porini, mwaka 74, ile njaa ya kijiji cha ujamaa Muze.

Yeye! Eti amemwua yeye!

Bwana Nyama Ambakisye, afisa wa wanyamapori, alimwambia, "Chukua bunduki hii ya risasi ndogo, haipigi teke begani, utalenga vizuri."

Shujaa wetu akajibu, "Hiyo ya wanawake." Akabeba ya kuulia tembo.

Akafumba macho, akafyatua. Risasi ikaenda mbinguni, yeye chini, bega limeteguka!

Mimi nikaiokota hiyo ya wanawake, nikapiga mara moja. Kijiji kizima kikala nyama.

Sasa mjukuu kaja mlangoni kaniuliza, "Bibi, wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nalenga."